Shikamoo Bila Marahaba

Jumanne, Jorodom

Mama amenikatia simu leo, na sina wa kumlaumu.

Nilikuwa Endasak, simu imezima chaji, wingu jeusi limekaa juu ya mlima. Tangu yale matope yaliyoshuka mlimani na kufukia nyumba, hatuchezi na wingu la namna hiyo. Nikaazima simu ya bodaboda nimwambie ahamie kwa shangazi kabla ya mvua. "Shikamoo mama." Kimya. Akakata. Nikapiga tena, akakata.

Yule tapeli aliyempigia mama baada ya matope alianza hivyohivyo. Alimwamkia, akauliza habari za ng'ombe, akampa pole ya matope. Huku kwetu mtu akikuamkia vizuri vile humkatii simu. Kufika mwisho wa salamu mama alishamtajia namba ya siri, na hela yote ya maharage ikaenda. Tuliripoti polisi, namba ikafungwa. Hela haikurudi.

Mimi ndiye niliyemfundisha, tena kwa ukali: namba usiyoijua, usiitikie hata shikamoo. Alinitazama kama nimemtukana.

Nimefika nimelowa chapachapa. Yuko palepale jikoni, mvua inapiga bati. Mlima umetulia, nashukuru Mungu. Lakini je, kama ungeshuka?

"Mama, hukuitambua sauti yangu?"

"Niliitambua." Alikuwa anachochea moto, hakugeuka. "Lakini hata yule, nilipomsikia, nilisema huyu ni mtoto wa kwetu."

Nikamwamkia upya, nimesimama mbele yake.

Marahaba yake ilichelewa.