Kanga Kifuani mwa Mudathiri

Sabra, sikia nilichofanya leo zamuni. Nimemfokea mama wa watu. Mimi!

Wamemleta Mudathiri hapa zahanati Mbuchi, gogo la mkoko limempiga ubavuni. Mama yake kamkazia kanga mbili kifuani, ati mfupa uliovunjika hufungwa. Midomo ya Mudathiri imeanza kuwa ya bluu. Namuuliza jina, anatoa nusu ya neno, anahema.

Nikasema taratibu, "Mama, tumfungue." Akanijibu, "Mwanangu akifa, utamzika wewe?"

Utamzika wewe! Mbele ya watu wote!

Shoga, sijui sauti ilitoka wapi. "Mbavu si mkono, mama! Lazima zipanuke ndipo mapafu yapate hewa. Unamnyonga!" Nikashika mkasi, nikazikata kanga. Mudathiri akapiga yowe, kisha kimya.

Kimya, Sabra. Nikasema moyoni, nimemuua.

Halafu nikaona kifua kinapanda kidogo, kinashuka, kinapanda tena. Nikamchoma dawa ya maumivu, nikasubiri.

Ndipo akasema, bila pumzi kumkatika: "Mama, mwache dada wa watu afanye kazi yake, kelele zako ndizo zinazoniumiza mbavu."

Nimekuja kulia nyuma ya zahanati, wanaandaa boti ya kumpeleka hospitali Kibiti. Mama yake kanifuata. Kakaa tu pembeni yangu, analia naye.