Mikarafuu Bila Ardhi

Bibi yangu mpenzi,

Nakushika miguu kutoka kisiwani Sulawesi, kijijini kwao Yati. Kiswahili alichojifunza kwako alipokuwa akifanya kazi za nyumbani kwetu Sib, Uarabuni, hakijamtoka hata kidogo. Nilipotaka kuosha sahani yangu alinipokonya: "Kaa kitako, mwanangu! Hapa mwenye nyumba mie." Akanipakulia kisamvu cha nazi, nami nikala huku sijui nani mgeni wa nani.

Njia nzima imeanikwa karafuu kwenye majamvi. Sijapata kuuona mkarafuu maishani mwangu, lakini harufu ile niliijua. Ni ya kasha lako la nguo.

Sasa jambo la Baba. Amenituma nimtazamie shamba la kununua, na Yati anasema ardhi haiuzwi, ni ya kaka yake. Atakachouza ni mikarafuu yake tu. Nikamwuliza, "Mti bila ardhi ni mali gani?" Akacheka mpaka akajifuta macho. "Muulize Bibi! Yeye ndiye alonihadithia kuwa kwao Pemba miti ina mwenyewe na ardhi ina mwenyewe."

Mimi hukunihadithia. Sijui Yati ananidanganya au ananifunza mambo ya kwetu, na Baba anataka kuweka humu kiinua mgongo chake chote. Nimemwomba Yati angoje. Nawe usimwambie Baba neno mpaka nirudi.

Mungu akuweke, na magoti yako usiyakalishe mbele ya kiyoyozi. Nikifika, nihadithie na mimi.

Mjukuu wako,
Salma