Lenzi Moja ya Kubeba, na Picha ya Mama

Ghorofa ya pili,
Juu ya duka la vioo,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba ule mgongo uliokusumbua kwa kuinama ndani ya mashimo ya lifti umetulia. Usijitie ujana. Wewe ukilala kitandani, mji mzima utapanda kwa ngazi, na lawama utapewa wewe.

Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri. Humu ndani anatembea bila fimbo, kwenye ngazi bado tunamshika mkono, na maneno yanamtoka sawasawa isipokuwa akikasirika, hapo yanagongana mdomoni. Mimi mafua yaliniandama wiki kadhaa, sasa yameniacha.

Kamera uliyonunua nimeiona kwenye picha ulizotuma. Umepata kitu kizuri, usiwasikilize wanaokuambia imepitwa na wakati. Uliniuliza mambo mawili: ununue lenzi gani, moja tu, ya kuzunguka nayo mitaani siku zako za mapumziko na kusafiri nayo, na kwa nini tangu Mama apate kiharusi sijakutumia picha yake hata moja. La kwanza ningekujibu kwa simu. La pili nilikuwa nalikwepa, na wewe ulijua nalikwepa. Sasa yote mawili yamejibika kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Ilianza hivi. Kampuni moja ya malori ilinipa kazi ya kupiga picha za kalenda yao ya mwakani. Walitaka madereva, barabara na miji wanayopita, na wakanipangia kusafiri na dereva mmoja mtu mzima ambaye wenzake wanamwita Taratibu, kwa sababu hajawahi kumpita mtu barabarani. Nilipompelekea begi langu lenye lenzi zote, aliliinua, akaliweka chini, akaniuliza kama nalo limekatiwa tikiti. Kwenye kabini yake kuna yeye, utingo wake, godoro na maji ya kunywa. Nafasi iliyobaki ni ya begi dogo chini ya kiti. Ikabidi nichague lenzi moja.

Nikachagua ile ndefu, ya kuvuta. Unanifahamu. Studio watu wanakuja wenyewe, wanakaa kwenye stuli, namwambia huyu ainue kidevu, yule afunge kifungo, na wananitii. Mtaani hakuna aliyeniita. Ile lenzi ndefu ilinifaa kwa sababu ningesimama ng'ambo ya barabara, nimpate mtu usoni, na nisilazimike hata kumwamkia.

Basi nikaenda kuijaribu. Nikasimama mlangoni pa duka la dawa, nikaielekeza kwa wauza viatu vya mitumba walio upande wa pili. Mama mmoja mwenye kitambaa cha njano akaliona lile bomba la lenzi. Akamnong'oneza jirani yake, jirani akamwambia wa tatu. Kabla sijabonyeza mara ya nne, viatu vilikuwa vinatupwa ndani ya magunia na kila mtu anafunga kamba. Walidhani mimi ni mtu wa manispaa, nimekuja kuwapiga picha ili wafukuzwe.

Yule mama akavuka barabara na kiatu kimoja mkononi, mimi nikajua leo nimekula kisigino. Akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamweleza habari ya kalenda, nikamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Alijitazama kwa muda, akasema kumbe sura yake akiwa na wasiwasi ni hiyo. Hakunipiga. Alinipa adhabu nyingine: mchana ule niliumalizia nimechuchumaa kwenye magunia, natafuta kiatu cha kushoto cha kila cha kulia.

Nyumbani nikazifungua zile picha. Nyuso zilikuwa kali, ungeweza kuhesabu kope. Lakini mtaa haukuwemo. Viatu havikuwemo. Nyuma ya yule mama palikuwa na rangi tu zilizoyeyuka kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni. Angeweza kuwa popote, anauza chochote.

Wiki hiyohiyo nikafanya jambo jingine na lenzi ileile, na hili ndilo nililokuwa nakuficha. Mama tangu augue mdomo wake umelegea upande wa kushoto, na jicho la upande huo halifunguki lote. Wageni wakija anageuza kiti, anawapa upande mzuri. Nilimwomba picha mara nyingi kwa ajili yako, akakataa, na mara ya mwisho alikataa kwa ukali hadi maneno yakagongana. Basi siku moja amekaa dirishani na kazi yake, mimi nikatoka hadi mwisho wa korido, nikampiga kutoka huko. Hakuinua kichwa.

Zile picha sikuzituma, na nashukuru. Ulikuwepo uso peke yake, mkubwa, na ule upande mbovu ndio uliojaa mbele. Ungeziona, Kaka, ungedhani zimetoka kwenye faili la hospitali.

Kwa hiyo lenzi ndefu nikairudisha kabatini. Nikajaribu ya milimita hamsini, ile ndogo ambayo kila mtu anakushauri uanze nayo. Ni nyepesi, bei yake haiumizi, na penye giza inaona vizuri. Mtaani haikunisumbua. Lakini nilipopanda kwenye kabini ya lori pale yadi, nilibana mgongo kwenye mlango na bado Taratibu hakuenea. Nilipata pua na usukani, au kofia na kioo, vyote pamoja havikukubali. Akaniuliza kwa upole kama nataka avunje ukuta wa nyuma.

Bosi wangu wa studio ndiye aliyeniazima ya thelathini na tano. Yeye huitumia kwa picha za familia kubwa, zile ambazo lazima kuna shangazi anayekatwa pembeni. Ni fupi, inaenea kwenye kiganja, na ukingo wake umebonyea kwa kuangushwa. Nikarudi nayo kwa yule mama wa viatu. Safari hii ilinibidi nisimame karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya kiwi ya viatu, na ukimkaribia mtu hivyo huwezi kukaa kimya kama gogo. Tukaamkiana, akanitania kwamba mfanyakazi wake amerudi, akaendelea na biashara zake. Nilimpata akimjaribisha mteja kiatu. Mteja kasimama kwa mguu mmoja, kamshika yeye bega asianguke, safu za viatu ziko mbele yao na watu wa kituo cha basi nyuma. Ilikuwa picha ya kwanza ya mtaani niliyoipenda tangu nianze kazi hii.

Sasa nije kwa Mama. Kazi yake siku hizi ni kufumua mishono ya nguo ambazo fundi cherehani wa chini, jirani wa duka la vioo, analetewa azipunguze. Mkono wa kushoto hauna nguvu ya kushika, kwa hiyo kitambaa anakibana mezani kwa pasi baridi, halafu anafumua kwa wa kulia. Hakuna aliyemfundisha. Jioni moja nilikuwa nazunguka chumbani na ile lenzi fupi, napiga pazia, napiga birika, nataka tu kuizoea. Mama akasema, macho yake yako kwenye mshono:

“Siku ile ulinipiga kutoka koridoni. Mbona ulisimama mbali kama nina ugonjwa wa kuambukiza?”

Nilikosa pa kuweka uso. Nikamwambia niliogopa atakataa tena. Akasema angekataa, ndiyo, na angekuwa na haki. Akafumua kidogo, akapuliza nyuzi zikaanguka. Nikadhani yamekwisha.

“Aliye mbali anauona mdomo,” akasema. “Aliye karibu atauona, halafu atauchoka, atanisikiliza. Vuta kiti.”

Nikavuta. Chumba unakifahamu, ukivuta kiti kwenye meza ile magoti yenu yanagusana. Nilishika kamera bila kuipeleka jichoni, akaanza kunihadithia mteja mmoja aliyeleta gauni lipunguzwe, likapunguzwa, akarudi baada ya mwezi anataka kile kitambaa kilichokatwa kirudishwe mahali pake. Mama alimwigiza sauti. Unajua anavyoigiza. Akacheka mwenyewe kabla ya kufika mwisho, na akicheka mdomo unapinda zaidi, na hakuuficha. Nikapiga. Akaendelea, nikaendelea.

Nilipomwonyesha, hakuomba niukuze uso. Aliomba niukuze mkono. Akautazama, akasema hiyo pasi ina kutu na kwa nini sikumwambia aifute. Kesho yake asubuhi niliikuta imesuguliwa inang'aa, imewekwa mezani, na yeye amechana nywele, anangoja. Nikampiga tena. Lakini hiyo ya pili alikaa kama anaapishwa, tukakubaliana wote wawili kwamba ile yenye kutu ndiyo yenyewe.

Safari ya malori niliifanya na hiyo thelathini na tano peke yake. Nisikudanganye, niliijutia mara moja. Tulikuwa juu mlimani, na chini yetu malori yalikuwa yanapanda kona baada ya kona mfululizo, taa zimewashwa katika ukungu. Nilipiga, nikapata sisimizi. Nikaiweka kamera chini, nikatazama kwa macho yangu hadi ukungu ukayafunika malori yote. Penginepo pote ilitosha: kabini, mizani, vioski vya chai, watu wamelala chini ya trela. Kampuni wamezipokea. Walichohoji ni picha moja tu ambayo mkono wa Taratibu umetokea mkubwa kuliko lori lake.

Kwa hiyo nunua thelathini na tano. Kamera yako ni ya aina ya yangu, nimeangalia. Lakini muuzaji akikuambia ina kihisi kidogo ndani, yaani kile kibao kinachopokea picha, basi atafute ya ishirini na tatu au ishirini na nne, maana kwenye kamera hizo thelathini na tano hubana karibu kama hamsini. Usikimbilie ile ambayo tundu lake la mwanga linafunguka kupita zote, ni nzito na inakula mshahara. Inayofunguka hadi namba mbili inakutosha. Kama ni ya mtumba, mulika tochi ndani ya vioo uangalie kama kuna ukungu, unaonekana kama nyuzi za buibui. Na usimsogelee mtu usoni zaidi ya urefu wa mkono wako, pua inavimba. Ukimpiga wifi hivyo, utalala sebuleni na kamera yako.

Jambo jingine dogo: fundi wa chini ameongeza chumba, anataka kumlipa Mama kwa mwezi badala ya kwa nguo. Mama bado anajishauri. Nadhani anafurahia kubembelezwa.

Nisalimie wifi, mwambie shuka alizotuma zimefika na zimeshalaliwa. Nisalimie watoto wote, na yule wa mwisho umwambie shangazi ameona jino lilivyotoka. Baba mdogo anakusalimu, Bosi naye anakusalimu na anataka kujua kama lifti za huko nazo hukwama. Mungu awalinde, awape afya na riziki, na kila unapoingia kwenye shimo akutoe salama.

Picha ya Mama imo humu ndani ya bahasha, katikati ya vipande viwili vya kadibodi ili isikunjike. Ameagiza uifungulie nyumbani ukiwa umekaa, usiifungulie kazini. Ameagiza na hili pia. Tangu augue amekuwa akikwambia kwamba kamera ya simu yake imeharibika, ndiyo maana mnazungumza kwa sauti tu. Haijaharibika. Anasema ukipiga tena, piga ile ya kuonana.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda na kukukumbuka,

Chiriku