Mume Wangu Anamwonea Wivu Jini wa Kitabuni

Mpendwa Shangazi Hedwiga, shikamoo. Naomba unijibu kabla mwezi haujaisha, maana mwisho wa mwezi natolewa jini nisiye naye.

Niliolewa miezi mitatu iliyopita na Nassoro, muuza mitumba wa hapa Same, na Shangazi, sijui nikueleze vipi furaha yangu, akicheka tu mimi nasahau nilikuwa nasema nini. Siku hizi za ruksa ya kuingiza bidhaa marobota yanakuja na kila kitu, na ndani ya robota la suruali alikuta vitabu vitano vya Kiingereza, akaniletea akasema, "Mke wangu, washia moto." Mimi nimefika kidato cha nne, nikafungua cha kwanza nione kinasema nini kabla sijakichana, na ndio ukawa mwisho wangu. Kinamhusu Torvin, kijana kutoka sayari nyingine, nusu mtu nusu mzuka, anayepita ukutani kumfuata msichana wa shule anayempenda, na maneno anayomwambia naona haya hata kuyaandika.

Makande yanachukua asubuhi nzima jikoni, kwa hiyo nikawa nasoma huku nachochea moto, na mwisho wa kitabu cha tano Torvin akaanza kufifia, na cha sita hakimo, nikalia kwa sauti, "Torvin, usiniache!" na makande yakakauka maji yakaungua, moshi ukajaa, mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, akaingia mbio.

"Torvin ni nani?"

Nilipaswa kusema ni kitabu. Lakini angejua nimeunguza chakula cha watu kumi kwa sababu ya kusoma, mimi mgeni wa nyumba, kwa hiyo nikakikalia kitabu.

"Mwanangu, niambie. Anakujia?"

"Ndiyo, mama."

"Anapitia wapi?"

"Ukutani."

"Ee Mola! Jini mahaba huyo. Na hata jina si la Kiislamu!"

Na badala ya kukomea hapo nilinogewa, Shangazi, nikamweleza macho yake ya kijani, koti lake refu na harufu yake ya mvua. Sasa nafukizwa ubani kila siku, mganga ameitwa kutoka Kifaru, na jini akigoma nitarudishwa kwetu Bombo mpaka anitoke. Nassoro wangu naye amenunua manukato, anavaa koti refu juani, na juzi aliniuliza polepole, "Tausi, huyo bwana amenizidi nini?" Nilitaka kufa. Nampenda huyu mwanaume! Nifanyeje?

Tausi, Same

JIBU

Marahaba, Tausi. Pole, ila huna haya. Makande yakiungua mtu anasema yameungua, anasugua sufuria, maisha yanaendelea. Wewe umeficha sufuria moja nyuma ya jini mzima mwenye macho ya kijani!

Kusoma si kosa. Kosa ni kwamba mama wa watu anakufukiza kwa huruma, nawe umekaa kwenye ule moshi unamuwaza Torvin. Usibishe, nakujua. Na mumeo anatokwa jasho ndani ya koti, kwenye jua la Same, akishindana na mtu wa karatasi. Hapo ndipo uliponikasirisha.

Usimngoje mganga. Leo hii weka makande jikoni, maji tele, kisha waite mama mkwe na mumeo, vitoe vitabu huko ulikovificha, uvipange mkekani, useme, "Torvin ni huyu." Muombe radhi mama kwanza, maana ndiye atakayeona aibu kumwambia mganga asije. Atakukaripia. Inama, usijitetee. Akimaliza, fungua kitabu cha kwanza umsomee kwa Kiswahili. Mtu aliyeuliza "Anapitia wapi?" atataka kujua na mengine.

Kisha mjibu Nassoro. Yale ya kusahau maneno akicheka, mbona nimeambiwa mimi na yeye hajui? Mwambie leo.

Najua bado kitabu cha sita kinakukera. Mwachie Nassoro kazi hiyo. Mume atakayepekua marobota ya suruali kumtafutia mkewe mshindani wake mwenyewe, huyo, Tausi, hayuko katika sayari nyingine yoyote. Na mvue lile koti.