Mwanamke wa Kwenye Kiti na Alasiri Ile

Nestori, ndugu yangu,

Bado sielewi. Nimefundisha sanaa maisha yangu yote, nimezoea kueleza kitu mpaka kieleweke, ila hili linanishinda hata pa kuanzia.

Ile picha niliyokupa nilipostaafu bado iko sebuleni kwako Mwamkulu. Mwanamke ameketi kitini, kachorwa na Mzungu wa zamani wa mtindo uitwao kubisti, wa kumchora mtu vipande vipande: pua inatazama huku, jicho kule, mabega yana kona kama boksi. Kila nilipokuja ulinichokoza. "Mwalimu, huyu mama kagongwa na bodaboda, wewe unaniambia amekaa!" Nami nikakueleza tena kwamba mchoraji hakusimama mahali pamoja. Alimzunguka, akamwona mbele, ubavuni na juu, akayaweka yote kwa pamoja. Nawe ukanijibu, "Basi azunguke tena, kuna mguu kausahau."

Alasiri ile nilikuja na jibu. Nilikukuta barazani kwenye kiti chako, kidevu kifuani, redio inaongea. Nikapiga hodi. Hukuitika, nikajua ni utani wako wa kujifanya hunisikii. Nikavuta kigoda nikaanza. Nilieleza kwa muda mrefu, Nestori. Kwamba mkono mmoja wa yule mama umelegea na wa pili umebana kiti. Jicho moja linatuona, jingine limeshaondoka. Kwamba aliyeketi hatulii, ni sisi tunaomwona ametulia. Nikakuuliza, "Leo nimekushinda?" Nikakupigapiga gotini. Mkono wako ukaanguka pembeni, ukabaki unaning'inia.

Uliondoka kabla sijapiga hodi? Au katikati ya maneno yangu? Sijui. Mimi, niliyefundisha watu kutazama!

Tangu hapo nikikukumbuka huji mzima. Linakuja goti. Kinakuja kidevu. Inakuja kandambili iliyochomoka kidoleni. Haviungani. Siku ya matanga niliitazama tena ile picha ukutani. Miaka yote nilidhani yule mchoraji anaonyesha ujuzi. Labda alikuwa ameshtuka tu. Labda alimtazama mtu wake siku nzima, kisha akagundua hakumwona.

Tumekuzika vizuri. Vijana wa jumuiya wamevuna mpunga wako. Lakini shemeji, mkeo, aliniuliza, "Baba Jeni alisema nini mwisho? Si ulikuwa naye?" Watu walikuwa wengi, nikamwambia nitakuja Jumapili. Anasubiri neno lako, Nestori, na mimi sina.

Ningeweza kumtungia moja zuri. Nakuahidi sitafanya hivyo. Nitamwambia hukusema kitu, aliyekuwa anasema ni mimi. Akilia, alie. Akinifukuza, nitaondoka. Akitaka kuongea yeye, nitakaa kimya mpaka amalize.

Nenda salama, ndugu yangu. Kama ulinisikia hata kidogo, nashukuru. Kama hukunisikia, nisamehe. Nilikuwa kando yako, na ulikuwa peke yako.

Mwalimu wako