Mkwe Mgongoni

Jumanne, 10 Aprili 1956. Kenyamonta.
Siku ya tatu hatuondoki. Mvua. Nimenyoa ndevu tena, nimekaa. Barua ya mke wangu Bhoke imeanza kuchanika kwa kukunjwa. Mimba ya tatu hii. Mbili za kwanza ziliharibika. Anamtaka mama yake awe karibu, basi. Ndiyo maana nimevuka mpaka kutoka kwetu Kenya kuja kumchukua. Mkwe yuko tayari tangu juzi. Najua kwa kuambiwa. Kwetu mama mkwe hatazamwi, haguswi.

Jumatano, 11 Aprili.
Tumeanza. Mimi mbele, shemeji Nyangi, ndugu yake Bhoke, katikati na mtoto wake mgongoni, mkwe nyuma kabisa. Nikiwa na neno namwambia Nyangi, analipeleka. Jibu linarudi baada ya kona mbili. Kero tupu. Mto Mara tumevushwa kwa mtumbwi, mimi kwanza peke yangu, wao baadaye. Tunakwenda polepole mno. Mwezi wa Bhoke ndio huu.

Alhamisi, 12 Aprili. Tarime.
Siku mbaya. Kijito kilikuwa kimejaa. Nikavuka, nikaendelea bila kugeuka. Nyangi akapiga ukelele. Mkwe ameteleza kwenye mawe, mguu umevunjika chini ya goti.

Nyangi, mwenye mtoto mgongoni, hawezi kumbeba. Nami nikafanya upumbavu: nikakimbia kutafuta wanaume. Nchi ya watu, simjui yeyote. Mashamba matupu, mvua ile nani angelima? Saa mbili na zaidi zimepotea. Nikarudi mikono mitupu.

Nilimtazama. Alikuwa anatetemeka, midomo imegeuka rangi. Nikachuchumaa, nikawapa mgongo. Halafu sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu nioe: “Mwita, mwanangu, Bhoke anatungoja.” Akajifunika uso kwa shuka, Nyangi akamsaidia kupanda.

Nimembeba hadi zahanati. Nilimkasirikia kwa uzito wake. Nikajikasirikia zaidi kwa zile saa mbili.

Ijumaa, 13 Aprili.
Dresa, mtibabu wa zahanati, amemfunga mguu kwa mbao. Anataka alale hapa wiki sita. Nyangi ametoka na jibu la mama yake: haiwezekani. Dresa si mtu wa huku, ananiuliza mbona nasimama nje kwenye baridi, siingii kumwona mgonjwa wangu. Nimemwambia nimezoea baridi.

Jumamosi, 14 Aprili.
Lori la mahindi limetufikisha Sirari. Wao nyuma juu ya magunia, mimi mbele na dereva anayeongea kuliko injini. Kutoka Sirari hadi kwetu njia ni ya miguu tu. Leo sikungoja kuambiwa. Nilichuchumaa mwenyewe, naye akapanda. Tumepumzika mara nyingi. Watu walisimama kututazama. Niliwaacha watazame.

Jumatano, 18 Aprili. Nyumbani.
Bhoke alijifungua juzi asubuhi. Mtoto wa kike, mzima, ana kelele. Uchungu ulikuwa mrefu. Mama yake alikaa kitandani kwake, mguu kwenye mbao, akimshika mpaka mwisho. Mimi nilikuwa uani napasua kuni zisizohitajika.

Wazee wamesikia habari za njiani. Wanataka mbuzi wa kulisafisha jambo lile. Nitatoa.

Leo mkwe ametolewa nje kuota jua. Nimeinuka, nimezunguka nyuma ya nyumba. Baadaye Nyangi akanifuata: mama anauliza kama mgongo umepona.

Nimesema umepona kabisa. Bado siwezi kuinama.