Chokoleti ya Shaka kwa Mbwa wa Jirani

Bi Sichana wa redioni, shikamoo. Nakuomba unisaidie maana kichwa changu kimekuwa kama uzi uliochezewa na paka, sijui nianzie wapi. Mume wangu anafanya kazi kwenye zile nyumba mpya wanazojenga Wajerumani, na mmoja wao alipokuwa anarudi kwao alimpa boksi la chokoleti nyeusi, chungu kidogo, tukafurahi maana siku hizi hata sukari tunaipangia foleni, lakini mama mkwe wangu, Bi Mwanakheri, akaitazama akasema, "Hatujui imetiwa ulevi au mafuta ya nguruwe, chenye shaka hakiliwi," nikataka kuitupa akasema kutupa chakula wakati huu ni kukufuru, mpe mbwa wa jirani, na ndivyo tunavyofanya kwa nyama yenye shaka, basi nikaona sawa.

Jirani huyo ni Bi Taramati, mjane wa Kihindi, watoto wake wote wamehama na aliyebaki naye ni mbwa wake, Moti, anayezungumza naye kutwa kama mtu. Mimi Moti simgusi, nikawa namwekea chokoleti juu ya gazeti pale kizingitini, anaila mpaka analamba gazeti, na Bi Taramati anafurahi ananiombea dua za kwao. Juzi nikaona nitimize fadhila, nikamwekea nyingi. Jioni Moti akaanza kutapika, anatetemeka, hatulii, maji hayamtoshi, moyo unamwenda mbio mpaka unauona mbavuni. Bi Taramati analia anasema ni sumu, na aliyemtilia ni Mzee Mabrouk, fundi viatu wa mtaani kwetu, kwa sababu Moti aliyelowa alimgusa kanzu akiwa njiani kwenda kusali Ijumaa, akarudi kuiosha mara saba na udongo, akasema, "Mbwa huyu atanitambua." Mzee Mabrouk anaapa hajui kitu. Kesho Bi Taramati atampeleka kwa mjumbe, na mtu akishapelekwa siku hizi, mambo hayaishi hapo.

Kinachonichanganya zaidi, Moti hali wali wala maziwa, na Bi Taramati ananiambia, "Mwanangu, nletee ile tamu yako, pengine ataila apate nguvu." Vimebaki vipande kabatini. Nimpe au nisimpe? Na sumu imetoka wapi, maana watoto wa Kijerumani wanakula chokoleti hiyo hiyo na wananenepa?

Niliyechanganyikiwa, mtaa wa Ng'ambo

Bi Sichana anajibu:

Marahaba, mwanangu. Barua yako imeletwa kwa mkono leo asubuhi, na nimeitanguliza mbele ya nyingine zote kwa sababu mgonjwa hangoji zamu.

Usimpe. Hata kipande. Nimemuuliza daktari wa mifugo, naye hakuningoja nimalize: chokoleti ni sumu kwa mbwa, na ile nyeusi chungu ndiyo mbaya zaidi. Kinachomchangamsha binadamu humo, mwili wa mbwa hauwezi kukitoa upesi, kinabaki kikimwendesha moyo mbio. Sumu mnayoitafuta kwa fundi viatu iko kabatini kwako.

Nakuhurumia, kwani hukukusudia. Lakini na wewe nawe. Chakula ulichokiogopa kinywani mwako umekitia kinywani mwa mtoto wa mwenzako, maana Moti kwa Bi Taramati ni mtoto. Ametapika siku ile ile uliyomzidishia, na hukushtuka? Umeshtuka, ndiyo maana umeandika, huku mzee mzima anaapishwa mbele ya watu na wewe umenyamaza. Bi Mwanakheri mheshimu, ila shaka ya dini aulizwe shekhe, na tumbo la mbwa aulizwe daktari wake.

Chokoleti iliyobaki ifukie chini sana. Mumeo ambebe Moti kwa gunia ampeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, nguo ataziosha baadaye. Daktari anasema kwa kuwa amefika leo hai, bado kuna tamaa, na asinyimwe maji. Wewe nenda kwa Bi Taramati ukaseme kwa mdomo wako, kisha mfuatane mkamtake radhi Mzee Mabrouk.

Najua utaona haya, utataka kungoja kesho. Jina lako sikulitaja. Lakini la Moti nimelisoma kwa sauti, na la Mzee Mabrouk pia, makusudi, ili waliosikia akituhumiwa wasikie na haya. Saa hizi mtaa wako wote uko kwenye redio, na Bi Taramati yumo. Vaa buibui lako, uwahi kupiga hodi kwake kabla yeye hajapiga kwako.